Umri wa Sisimizi

Karibu na steji ya Keroka, pale ambapo hatua chache tu zinakutoa Kisii na kukuingiza Nyamira, kuna mti mzee wa saipresi uliokatwa tawi. Kwenye kidonda chake utomvu umetiririka ukaganda nusunusu, rangi ya asali. Ndani yake amenasa sisimizi. Nilimwona asubuhi moja nikingoja matatu ijae: miguu mitatu imezama, mitatu iko hewani, na papasi moja imeelekea kule alikokuwa akienda. Wenzake walipita kando ya tone lile na makombo yao ya mandazi bila kusimama. Nikajiuliza swali ambalo huenda msomaji akalicheka: huyu ana thamani gani?

Leo hana. Lakini mwache miaka milioni mia, utomvu wake ugeuke kaharabu, na watu watamgombania. Basi thamani hiyo itakuwa imetoka wapi, maana mwenyewe hatakuwa ameongeza hata unywele? Jibu la haraka ni kwamba ameongeza umri. Na umri ni nini? Mimi nauita hesabu ya muda uliopita tangu kitu kianze, hesabu ambayo kitu chenyewe hakiijui. Nyanya yangu alisema alizaliwa mwaka wa nzige. Alipokwenda kuchukua kitambulisho, karani alimtazama usoni, akakisia mwaka, akauandika. Tangu siku hiyo nyanya akawa na miaka miwili ya kuzaliwa, wa serikali na wa nzige, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua amwamkie kwa heshima ya upi. Tulimwamkia vilevile.

Kaharabu ya Ethiopia nayo iliwahi kuandikiwa kitambulisho cha namna hiyo. Mwaka 2010 wanasayansi walitangaza kwamba vipande vilivyopatikana katika nyanda za juu za kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo vina miaka ipatayo milioni 95, yaani ni vya zama za Kretasia, dinosaria wakiwa hai. Humo mlikuwa na wadudu, na kati yao sisimizi. Huyo akapewa hadhi ya babu wa ukoo. Baadaye uchunguzi mpya ukasema hapana: kaharabu ile ina miaka kati ya milioni 16 na 23. Zaidi ya miaka milioni 70 ikafutwa, na ndani ya tone hakuna mguu uliosogea.

Mambo yamewahi kwenda kinyume pia. Mwaka 2015, katika soko la Myitkyina kule Myanmar, kipande cha kaharabu chenye miaka kama milioni 99 kiliuzwa ikidhaniwa kwamba kilichomo ni mmea. Aliyekinunua, mwanasayansi wa China, alipokichunguza na wenzake waliona ni mkia wa dinosaria mdogo, wenye manyoya. Kitu ni kilekile, kilichobadilika ni jina. Kwa hiyo mtu anaweza kusema thamani haimo ndani ya kaharabu bali imo vichwani mwetu, akafunga mjadala. Mimi siufungi hapo. Hata kama thamani tunaitoa sisi, hatuitoi ovyo. Lazima kuna kitu tunachokiitikia.

Kwa muda mrefu niliamini tunaitikia umbali: kadiri kitu kinavyotoka mbali, ndivyo kinavyotutia kicho. Watu wa pwani yetu walilijua hilo kibiashara. Utomvu mbichi wa msandarusi waliuita chakazi, nao ulikuwa wa bei ya chini. Ule uliofukuliwa ardhini, uliokaa huko hata miti yake ikatoweka, ndio uliokuwa sandarusi ya kweli. (Ukweli ni kwamba waliounyakua Ulaya na Marekani waliuyeyusha wakafanya vanishi, na mdudu yeyote aliyekuwamo akaishia kung'arisha viti na magari ya farasi.) Lakini imani yangu ya umbali ilivunjwa na jiwe la Tabaka, huku huku Kisii. Jiwe lile la sabuni ni la kale kuliko kaharabu yoyote yenye mdudu, tena kwa mamilioni mengi ya miaka. Nasi tunalichonga visahani vya majivu na viboko vya kuwauzia watalii, na hakuna anayelivulia kofia. Umri mtupu, basi, hautugusi.

Kinachotugusa nadhani ni utambuzi. Kwa neno hilo nakusudia ule mshtuko wa kumwona mgeni ukamjua. Sisimizi wa kaharabu hatushangazi kwa kuwa wa mbali. Anatushangaza kwa kuwa ametoka mbali na bado ana papasi zilezile, na haraka ileile ya mtu aliyetumwa dukani. Umbali ni jukwaa tu.

Na ukilitazama hivyo, sisimizi wa Ethiopia hakupoteza kitu aliposhushwa umri. Alipata watu wa rika lake. Kwani hapa kwa jirani zetu, kisiwani Mfangano, ziwani, kuna kundi zima la sisimizi lililogeuka mawe, la aina ya wale ambao watu wa pwani huwaita majimoto. Wanasayansi Wilson na Taylor waliliandika mwaka 1964. Lina vibarua wakubwa kwa wadogo pamoja na watoto wao, kama vile kundi la leo lingeonekana, na miaka yake inakadiriwa kuwa milioni 18 hivi. Yule wa Ethiopia alinaswa peke yake ndani ya utomvu, hawa wa Mfangano wakafukiwa pamoja na watoto wao. Alipoitwa babu hakuwa na mwenzake hata mmoja huku kwetu.

Nilipita tena Keroka kuangalia. Mvua ilikuwa imeleta utomvu mwingine juu ya ule wa kwanza, na ile miguu mitatu ya hewani sasa imefunikwa. Ana wiki mbili.