Je, Ukale ni Hoja? Maoni juu ya Mkono wa Kushoto

Katika darasa moja la chini, kando ya barabara itokayo Arua kwenda Koboko, tulimkuta mtoto akiandika irabu kwa mkono wa kushoto. Mwandiko wake ulipita wa wenzake kwa uzuri. Tuliichukua kalamu, tukaihamishia mkono wa kulia, tukaendelea na somo. Tulifanya hivyo muhula mzima. Hatukumpiga wala hatukumkaripia, na hilo lilitutosha tusijione kuwa tumekosa. Muhula ulipokwisha, mtoto aliandika kwa mkono wa kulia, polepole na kwa mwandiko mbovu. Tena alikuwa ameacha kujitolea kuja ubaoni.

Mwenzetu alipotuuliza sababu, tulimjibu kwamba ndivyo wanadamu walivyo tangu kale. Jibu hilo ndilo tunalotaka kulipima hapa.

Kwamba jambo lenyewe ni la kale, hapana shaka kubwa. Mwaka 1995 huko Olduvai, Tanzania, lilipatikana taya la juu la kiumbe anayehesabiwa katika jamii ya Homo habilis, aliyeishi miaka ipatayo milioni 1.8 iliyopita. Wataalamu hulitaja kwa namba OH 65. Meno yake ya mbele yana mikwaruzo midogo. Yaelekea mwenyewe aliuma kipande cha nyama, akakivuta kwa mkono mmoja na kukikata kwa jiwe kali lililokuwa katika mkono wa pili. Kila jiwe lilipogonga jino, liliacha alama. Kwa kuwa mikwaruzo mingi imelalia upande mmoja, David Frayer na wenzake walitoa hoja mwaka 2016 kwamba jiwe lilishikwa kwa mkono wa kulia. Kabla ya hapo njia hiyo ilikwisha kutumika kwa meno ya Waneandertali wa Ulaya, wakiwamo wale wa Krapina, Kroatia, walioishi miaka ipatayo 130,000 iliyopita. Wengi mno wao walionekana kuwa wa kulia, kwa kadiri inayokaribia ya watu wa leo, ambao takriban tisa katika kila kumi hutumia mkono huo.

Taya moja la Olduvai halitoshi kuwa shahidi wa watu wote wa zama zake. Wataalamu wenyewe hawadai hivyo. Lakini tuukubali ushahidi wote, hata ule usiotimia. Meno yayo hayo yanasema na jambo jingine ambalo sisi hatukumwambia mwenzetu: miongoni mwa Waneandertali, mashoto walikuwapo. Ikiwa ukale ni hati ya kumiliki, basi mashoto naye anayo. Mrithi wa kumi hanyimwi fungu lake kwa sababu ndugu zake ni tisa.

Isitoshe, mikwaruzo hueleza mkono upi ulishika jiwe. Haielezi mkono upi ulistahili kulishika. Hukumu hiyo tumeiongeza sisi, na mara nyingi tumeiongeza kwa maneno. Tusemapo "mkono wa kulia", yaani mkono wa kula, Kiswahili chataja kazi tu. Tusemapo "mkono wa kuume" na "mkono wa kike", tumekwisha kupanga daraja, na wanafunzi wetu husikia daraja kabla ya kusikia msamiati. Wala si Kiswahili peke yake. John Middleton, aliyefanya utafiti kwa Walugbara kuanzia mwaka 1949, aliandika makala mwaka 1968 juu ya namna walivyogawa mambo ya ulimwengu wao katika jozi. Makala hiyo iliingizwa mwaka 1973 katika mkusanyo wa Rodney Needham juu ya kulia na kushoto. Katika kitabu hicho hicho yumo Mugwe wa Wameru wa Kenya, ambaye mkono wake wa kushoto ndio uliokuwa na nguvu ya kubariki, hata ukafichwa usionekane na watu. Huko mkono wa kushoto ulifichwa kwa utukufu. Katika darasa letu ulifichwa kwa haya.

Mzee mmoja wa Koboko, Mnubi na Mwislamu, alitupinga. "Walimu wangu," alisema, "mtoto akinyoosha mkono wa kushoto katika sinia letu, nanyi mtanyamaza?" Hatutanyamaza. Sinia ni la wote. Kila mkono una kazi yake ya usafi, na dini yake imemfundisha kula kwa mkono wa kulia. Mtoto ajifunze adabu hiyo, naye aweza kuitimiza bila kupoteza kitu kikubwa. Lakini kalamu si sinia. Hatukuona ni nani aliyedhurika mtoto yule alipoandika kwa mkono wake, ila tulimwona aliyedhurika alipokatazwa. Mzee alitafakari, kisha akasema kwamba bado haipendezi machoni. Hapo tulikubaliana naye kwamba ni suala la macho.

Yaliyobaki ni madogo. Mashoto akae mwisho wa benchi, upande wa kushoto, viwiko visigongane. Daftari lake liinamishwe kidogo kuelekea kulia, mkono usifute maandishi.

Muhula uliofuata tulimrudishia mtoto yule kalamu, tukamwambia aandike apendavyo. Alitutazama kwa muda, akaishika kwa mkono wa kulia.