Ndoa ya Karatasi

Tumeulizwa na vijana wa mji wetu mas-ala ambayo wazee wa Lamu hawakuwa wakiulizwa. Kijana amuoa mgeni wa Kizungu aliyefikia Shela, na moyoni mwake hana haja ila apate karatasi za kuingia Ulaya. Je, hiyo ni ndoa?

Kwanza yafaa msomaji azijue sharia za wenye nchi, maana barazani watu huzisema kwa kubahatisha. Umoja wa Ulaya ulitoa amri mwaka 2004 kwamba raia wa nchi moja katika Umoja huo akihamia nchi nyingine ya Umoja, mumewe au mkewe ana haki ya kufuatana naye, awe wa taifa lolote. Ajabu yake ni kuwa aliyehama aweza kuwa na haki kubwa kuliko aliyebaki kwao, kwani huyu hufuata sharia ya nchi yake, nayo huenda ikawa nzito zaidi. Uingereza, ambayo imekwisha kutoka katika Umoja, mwezi wa Aprili 2024 ilipandisha pato la mwaka analotakiwa nalo mwenye kumleta mwenzake, kutoka paundi 18,600 hadi paundi 29,000. Yaani maskini atengwe na mkewe, na tajiri alale naye! Hiyo sisi twaiita dhulma, wala hatuoni jina jingine.

Lakini tusiwacheke wa mbali. Kwetu Kenya, kabla ya Katiba ya mwaka 2010, mwanamume akioa mgeni, mkewe aliweza kuandikishwa uraia. Ama binti yetu akiolewa na mtu wa Hadhramaut au wa Omani, mumewe hakuwa na njia hiyo. Nasi tuliozoea kuoana na watu wa ng'ambo tangu enzi za majahazi tulinyamaza, kwa kuwa aliyeumia ni mwanamke. Leo mume na mke ni sawa: ndoa ikitimiza miaka 7, mgeni ana haki ya kuomba uraia.

Sasa turejee kwa muulizaji. Wako wasemao: sharia zao ni dhalimu, basi kuwahadaa si kosa. Twasema, anayehadaiwa hapa si serikali peke yake. Yuko mwanamke aliyeitoa nafsi yake akidhani apendwa, naye hakutunga sharia yoyote. Dhulma ya afisa wa mpakani haimhalalishii mtu kumdhulumu mkewe.

Ama hukumu ya ndoa yenyewe, katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi mfano wake wa karibu ni ndoa ya kumhalalishia mtu mtalaka wake. Wakisharutisha katika akdi yenyewe kwamba wataachana, akdi haifai. Ikiwa ni nia iliyofichwa tu, akdi yasihi, lakini ni jambo la kuchukiza. Basi kijana aliyeficha nia yake asidhani yu huru: huyo ni mkewe hasa, ana mahari yake, nafaka yake na haki ya kukaa naye kwa wema, kabla ya karatasi kutoka na baada yake.

Na liko zito kuliko hilo. Baadhi yao wana wake hapa hapa, Langoni au Mkomani, nazo nchi hizo hazimpokei mke wa pili. Basi huandika katika fomu, "Sina mke." Wanavyuoni waliijadili zamani kauli ya mume aulizwaye kama ana mke akajibu hana: wako waliosema ni uwongo mtupu usiovunja ndoa, na wako waliosema yatazamwa nia yake. Maskini mwanamke huyu, ndoa yake inazungumzwa katika ofisi asiyoijua, kwa lugha asiyoisoma, naye yuko jikoni akimpikia mama wa mume.

Basi mwenye kuposwa na auze, na walii wake auze pia. Na aliyeolewa nyumbani bila ya cheti aende akakidai, kwani Sharia ya Ndoa ya mwaka 2014 yataka ndoa za Kiislamu nazo ziandikishwe. Mke mwenye cheti mkononi si mwepesi kufutwa kwa wino wa mumewe.