DJ, Vyombo na Dhamana

Swali la kama DJ anaweza kwenda klabuni na vyombo vyake mwenyewe huchukuliwa kuwa jambo la makubaliano tu kati yake na meneja wa ukumbi, na kwa kiasi kikubwa ndivyo lilivyo. Hata hivyo, ndani yake limo suala kongwe la falsafa, yaani uhusiano kati ya ustadi wa mtu na kitu kinachoudhihirisha ustadi huo. Aristotle, katika kitabu cha kwanza cha Siasa, alisema kwamba lau kinubi kingejipiga chenyewe na kitanda cha mfumi kingefuma bila mkono, bwana asingehitaji mtumwa. Hoja hiyo aliitoa katika kuutetea utumwa, na kwa hilo haistahili heshima yoyote. Lakini leo, kompyuta inapoweza kulinganisha mwendo wa nyimbo mbili bila kusaidiwa, hoja hiyo imekuwa swali la kweli kuhusu kile kinachobaki kuwa kazi ya DJ.

Vyombo ni suala la umiliki pia: katika muziki wa dansi wa Tanzania, mara nyingi bendi ilikuwa ya yule aliyenunua vyombo. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilimilikiwa na chama cha wafanyakazi, na mjini Iringa Tancut Almasi Orchestra ilikuwa bendi ya kiwanda cha kuchonga almasi cha Tancut, kampuni ya umma. Kwa mantiki ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililotaka njia kuu za uchumi ziwe mikononi mwa wakulima na wafanyakazi, mpango huo ulionekana kuwa wa haki, kwa kuwa gitaa lililonunuliwa kwa fedha ya umma halikuwa la bwana yeyote. Ila mpigaji alipohama, aliondoka na vidole vyake tu. Kwa watu binafsi hali ilikuwa kali zaidi. Hugo Kisima, mmiliki wa Orchestra Safari Sound, aliivunja bendi yake mwaka 1985 na kuunda nyingine kwa wanamuziki aliowavuta kutoka bendi ya DDC Mlimani Park: mwenye mali alibaki palepale, wapigaji wakabadilika.

DJ anayebeba kontrola begani, yaani kifaa chenye visahani viwili na vitelezi vya sauti kinachoiongoza kompyuta, ana uhuru ambao wapiga gitaa wengi wa zama hizo hawakuwa nao. Uhuru huo, hata hivyo, hauji bila dhamana, hasa kifaa kikiwa cha kuazima au kukodi. Fikihi ya Kishafii, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, hutenganisha aliyeazima kitu bure (ariya), ambaye hulipa kikiharibika nje ya matumizi aliyoruhusiwa, na aliyekikodi kwa malipo (ijara), ambaye kwake kitu ni amana na halipi mpaka avuke mipaka. Wapo wanazuoni ambao wangeikataa kesi hii mlangoni kwa sababu ya muziki wenyewe. Lakini kanuni hutumika hata kwa jembe. Kwa kanuni hiyo, DJ aliyeazima kontrola ya rafiki yake amebeba mzigo mzito kuliko aliyeikodi, ingawa hakutoa hata shilingi.

Mpaka wa haki ya kuja na vyombo vyako mwenyewe unaonekana vizuri zaidi kwa mfano wa mashamba ya Ruaha Mbuyuni, katika Wilaya ya Kilolo, kwenye barabara kuu ya Tanzania na Zambia kabla ya kuupanda mlima Kitonga, ambako vitunguu hulimwa kwa umwagiliaji. Mkulima anayekodi shamba huja na jembe lake, na hakuna anayemuuliza. Lakini haji na mfereji wake, wala hachimbi tawi jipya bila ridhaa ya wenzake, kwa sababu maji akiyakosea yatavizamisha vitunguu vya jirani. Kontrola, kompyuta na visikizio ni jembe: ustadi wa mkono umekaa humo, na ukumbi unaomlazimisha DJ aviache na kutumia mashine asiyoizoea hauna haki ya kumlaumu kwa kazi mbovu. Spika, amplifaya na umeme ni mfereji, kwa kuwa hitilafu yake huwafikia wasikilizaji, majirani na mali ya mwingine. Hapo neno la mwenye ukumbi lina uzito, naye asiye na umeme wa kutosha anafanya uungwana akilisema mapema, si saa nne za usiku watu wakiwa wamejaa.

Kesi ngumu ni ya pale vyote viwili vinapokutana kwa waya mmoja, sauti kutoka kontrola ya DJ ikaingia kwenye mikisa ya ukumbi, yaani mashine inayochanganya na kupima sauti, na spika ikaungua. Kusema tu kwamba kontrola ilikuwa ya mgeni hakutoshi kumtia hatiani, kwa sababu aliruhusiwa kuichomeka. Cha kuuliza ni kama taa nyekundu ya mikisa, inayoonya kwamba sauti imezidi kiwango, ilikuwa ikiwaka, na kama DJ aliiona akaendelea kupandisha. Akiwa aliiona, idhini aliyopewa ilikwisha pale, na spika ni juu yake.