Daftari la Nyumba Yenye Mtoto Mchanga

"Mali bila daftari hupotea bila habari" ni methali ya dukani. Ukiisikia unaona mizani, kibati cha fedha na mwenye duka aliyechomeka kalamu sikioni. Nyumba ya mkulima wa Mlalo, huko juu milimani Usambara, haielekei kuwa na nafasi ndani ya methali hiyo. Mali ya mkulima iko shambani, na shamba linaonekana kwa macho: kabichi hizi hapa, karoti zile pale, maharage kule bondeni. Aandike nini? Lakini naamini ni nyumba chache zinazoihitaji methali hii kuliko nyumba hiyo, hasa mwaka anapozaliwa mtoto wa kwanza.

Tazama fedha inavyoingia na inavyotoka. Mlalo fedha huingia kwa mkupuo. Mboga hukaa shambani miezi, kisha siku moja zinapakiwa garini, zinapita Lushoto na Soni, zinateremka mpaka Mombo kwenye barabara kuu, na kutoka hapo ni Tanga au Dar es Salaam. Bei hakuipanga aliyelima. Imepangwa na dalali, na mvua iliyoharibu barabara, na wingi wa kabichi za jirani. Gunia la viazi likishonwa lumbesa, yaani likijazwa kupita kipimo, mkulima amekwisha kutoa sehemu ya jasho lake bila malipo kabla gari halijawashwa. Hata hivyo jioni ile mfukoni mna noti nyingi kwa pamoja, na baba mtoto anatembea kama mtu mwenye nazo.

Mtoto mchanga hajui mkupuo. Yeye hula kidogo kidogo: sabuni leo, mafuta ya kumpaka kesho, taa ya usiku kucha kwa sababu analia, bodaboda ya kliniki, kuku wa mama mzazi, sukari ya chai ya wageni. Hakuna hata kimoja ambacho mtu angekiita gharama kubwa. Ndiyo maana mwezi ukiisha hakuna anayejua fedha ya kabichi ilikwenda wapi. Siku hizi imeongezeka njia nyingine, mkopo wa simu unaojikata wenyewe kila salio linapoingia. Mtu anatumiwa elfu kumi, anakuta saba.

Methali, tuisome vizuri, haimwahidi mwenye daftari kwamba mali yake haitapotea. Ukungu hula nyanya za anayeandika na za asiyeandika. Mtoto anayeugua usiku hangoji baba yake afungue ukurasa. Kinachotajwa na methali ni namna ya kupotea, na hapo ndipo ilipo hekima yake. Hasara yenye habari inaweza kusikitikiwa, ikajadiliwa, ikawekewa mpango wa msimu ujao. Hasara isiyo na habari huzaa hadithi. Baba anajua kabisa kwamba fedha ilitumwa kwa mama mkwe. Mama anajua kabisa kwamba iliishia kwenye pombe ya miwa. Wote wawili hawana ushahidi, na usingizi haba wa miezi ile ya kwanza haumfanyi mtu kuwa mwanafalsafa. Methali ya biashara imegeuka kuwa methali ya ndoa.

Tusiwacheke wazee wanaolitazama daftari kwa jicho la shaka. Historia ya Mlalo inawapa haki. Wamisionari Johanssen na Wohlrab walipofika mwaka 1891 na kukiita kituo chao Hohenfriedeberg, kilichofuata ni vitabu vya kuandika waliobatizwa. Serikali ya Wajerumani ikaja na orodha za kodi, ya Waingereza ikaziendeleza. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia bonde la Mlalo likawekwa kwenye mpango wa kuokoa udongo: kila kaya ilime kwa matuta, na asiyefanya ashtakiwe. Watu waliupinga mpango ule mpaka ukafa mwishoni mwa miaka ya 1950. Katika habari zote hizo Msambaa ndiye aliyehesabiwa, na kalamu ilikuwa mkononi mwa mwingine. Daftari la nyumbani ni kinyume chake. Anayeandika ndiye mwenye mali, na asomaye ni mwenzake wa kitanda kimoja.

Na ukweli ni kwamba nyumba yenye mtoto tayari ina daftari zuri kuliko la maduka mengi. Ni kadi ya kliniki. Mama huanza na kadi namba 4 akiwa mjamzito, na mtoto akizaliwa hupata kadi namba 1. Uzito unapimwa, nukta inawekwa, mstari unachorwa. Ukiwa kwenye kijani, vema. Ukiingia kijivu, muuguzi anauliza maswali. Nyekundu haina mzaha. Hakuna mama anayedhani kwamba kadi ile humnenepesha mtoto. Lakini hakuna anayeitupa, kwa sababu inamwambia jambo ambalo macho yake, yanayomwona mtoto kila siku, hayawezi kumwambia. Aliyeielewa kadi ameielewa methali. Kilichobaki ni kuweka pembeni yake kijitabu cha shule cha bei rahisi, kurasa mbili kwa mwezi: kilichoingia, kilichotoka. Na kalamu isiwe ya mtu mmoja. Daftari analolificha baba chini ya godoro halitoi habari kwa yeyote.

Pingamizi la kweli linatoka kwa methali nyingine, au tuseme msemo: kila mtoto huja na sahani yake. Kwa Mlalo si maneno matupu. Akizaliwa mtoto watu huja kumwona mzazi, na hawaji mikono mitupu. Kuna sabuni, kanga, sukari, kuku, noti iliyokunjwa na kusukumwa chini ya shuka la mtoto. Nyumba ya Waislamu itafanya akika, ya Walutheri itajiandaa kwa ubatizo, na kwa zote mbili ndugu watachangia. Sahani imekuja kweli. Swali ni nani ameileta, maana kesho mleta sahani naye atazaliwa mjukuu, au atafiwa. Kwenye msiba na harusi watu wetu huandika michango, mpaka ya shilingi elfu moja, na hakuna anayeona ni uchoyo. Kwenye uzazi hatuandiki, tunategemea kumbukumbu ya mama aliyetoka kujifungua. Mimi ningeanza daftari la nyumba kwa ukurasa huo, wa waliokuja. Ndio ukurasa wa mali isiyooza, na ndio unaosahaulika upesi kuliko yote.

Wapo pia wazee wasiotaka nguo za mtoto zinunuliwe kabla hajazaliwa. Wana hoja, mimba si ahadi, na waliozika wanalijua hilo. Lakini mwiko unakataza kununua, haukatazi kutenga. Huduma ya uzazi kwenye vituo vya serikali kwa sera ni bure, hata hivyo mama mara nyingi huambiwa aje na glovu, pamba, wembe na mpira wa kulalia, na usafiri wa usiku wa manane hauna sera. Miezi tisa ni taarifa ndefu kuliko anayotoa mgonjwa au mdeni. Kila mzigo ukiuzwa, andika kiasi kando, ukiite "ya safari" ukitaka. Vikoba, makundi ya kuweka akiba na kukopeshana, navyo husaidia. Mtindo wa makundi haya ulitoka Niger, ambako shirika la CARE liliuanzisha mwaka 1991. Kisanduku kina kufuli tatu na funguo zimegawanywa kwa watu watatu, na vingi vina mfuko wa jamii kwa ajili ya uzazi na msiba. Tahadhari yangu ni moja: hisa za kikoba hutoka pale kinapovunjwa, na mtoto hazaliwi kwa kalenda ya kikoba.

Kuna ukurasa mmoja ambao daftari huufungua bila kuombwa. Mwajiriwa wa Tanzania ana likizo ya uzazi ya siku 84 zenye mshahara, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na mumewe ana siku 3. Mkulima hana hata moja. Mama wa Mlalo akikaa ndani arobaini yake, palizi haingoji, na mzigo wa karoti kutoka bondeni hadi barabarani hauna wa kuubeba kichwani. Baba anatafuta kibarua wa kupalilia, mwingine wa kubeba, msichana wa jirani wa kuchota maji na kukata kuni, na kwa kuwa sasa kuna daftari anaandika: huyu kiasi hiki, yule kiasi hiki. Mwisho wa mwezi anajumlisha. Jumla ile ni ya kazi zilizokuwa zikifanywa tangu siku ya harusi, kila msimu, na kila msimu fedha ya kabichi ilipoingia ilihesabiwa kuwa ya baba peke yake.