Mateso Hayo ni ya Nani?

Husemwa kwamba mnyama anayeteseka auawe ili apumzike. Neno hilo ni la huruma, wala silipingi. Lakini kabla ya kulitenda yafaa tujiulize: mateso hayo ni ya nani?

Mbwa wetu Simba alikuwa na miaka 11 aliposhikwa na kifafa kwa mara ya kwanza. Alianguka kiubavu, miguu ikapiga kama anayeogelea, povu likamtoka, mkojo ukamponyoka. Jirani aliyekuwa uani akasema, "Mwalimu, hicho ni kichaa cha mbwa. Mmalizeni." Hofu yake haikuwa ya kipuuzi, maana kichaa cha mbwa huua watu. Daktari wa mifugo naye alianza kwa kudai kadi ya chanjo. Alipoiona akatueleza kuwa kifafa kisicho na chanzo cha wazi aghalabu huanza mbwa akiwa kati ya miezi 6 na miaka 6. Kikimwanza uzeeni, hushukiwa ini, figo au uvimbe ubongoni.

Akampa fenobabitoni, dawa ileile ambayo wanadamu wenye kifafa walianza kuitumia mwaka 1912. Asubuhi na jioni, bila kukosa, kwani kuikatiza ghafla huweza kuleta kifafa kikali zaidi. Siku za mwanzo aliyumba kama mlevi, akala kwa pupa na kunywa maji kupita kiasi. Nasi tukajifunza kuondoa viti, kutazama saa, na kutotia mkono kinywani mwake. Mbwa hamezi ulimi. (Mabwenini nako, mwanafunzi akianguka, kilichotafutwa kwanza kilikuwa kijiko cha kumtia mdomoni!) Kifafa kikipita dakika 5, au kikirudi mara kadhaa katika siku moja, ni kumkimbiza kwa daktari.

Basi, wakati wa kifafa chenyewe mbwa hana fahamu. Anayeiona miguu ikipiga sakafu ni mimi. Anayelia ni mjukuu. Kwa Simba taabu huanza anapozinduka: haoni vizuri, anazunguka akigonga kuta, hamjui hata bwana wake. Hiyo ni taabu ya kweli, lakini ikipita anadai ugali wake. Mtu akimwua kwa sababu ya zile dakika 2 tu, ameondoa mateso ya macho yake mwenyewe, na tendo hilo akaliita huruma.

Hoja hii ina upande wa pili, nao hauna raha. Ikiwa kipimo ni siku njema, basi zikipungua, anayemng'ang'ania mbwa kwa mapenzi naye anautibu moyo wake mwenyewe. Mke wangu huandika kwenye kalenda ya jikoni: msalaba kwa siku ya kifafa, duara kwa siku ambayo Simba amekula na kutembea mpaka getini. Mwezi uliopita misalaba ilikuwa 3. Mwezi huu haujaisha, na imefika 7. Daktari amesema tukimwita atakuja nyumbani. Jana jioni Simba alifika getini, akalala pale, na ikabidi nimfuate.