Vumbi la Mlima na Twahara ya Tapi

Wenzetu wakaao nchi za theluji, baridi yao ikwishapo, huzitoa zulia za magari yao kuziondolea chumvi iliyomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Ama sisi wa Goma, ambao mji wetu uko mita 1,500 hivi juu ya bahari, wakati wetu wa kazi hiyo ni Juni, mvua zikomapo, tapi, kama tuziitavyo zulia hizo, zinapotolewa chini ya viti zikiwa zimeshikwa na tope jeusi lililokauka.

Tope hilo lina nasaba yake. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipasuka, na lava ikashuka ikipita kati ya mji hata ikaingia Ziwa Kivu, baada ya kufunika nyumba, maduka na sehemu ya uwanja wa ndege. Watu wakarudi wakajenga juu yake, na hivi leo magurudumu yanayasaga mawe yale yale kuwa vumbi. Basi akung'utaye tapi pale mtaa wa Birere huenda anakung'uta jiwe lililoingia mlangoni mwa mtu.

Je, kwa Mwislamu vumbi hilo ni uchafu? Mafakihi wa madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na wengi pwani ya Afrika Mashariki, wamelisamehe tope la njia, hata lililochanganyika na najisi, kwa kadiri ambayo mpita njia hawezi kuliepuka. Na zaidi ya hayo, aliyekosa maji huamrishwa atayamamu, apanguse uso na mikono kwa udongo safi wenye vumbi. Sharia inayotwaharisha kwa udongo haiwezi kuuchukia udongo. Kwa hiyo naona swali la twahara haliko katika vumbi, liko katika maji: mtu anayebeba tapi zake hadi ufukweni mwa Kivu, akazisugua kwa sabuni pale pale ambapo watoto wanajaza bido, yaani madumu, za maji ya kunywa, amejisafisha kwa kumchafulia jirani, na hilo mimi naliita dhuluma, ijapokuwa gari lake linang'aa.

Wala ufundi wenyewe hauhitaji ziwa. Chembe za lava zina makali kama ya kioo, na zikisuguliwa zingali zimezama hukata nyuzi. Kwa hiyo tapi hukaushwa kwanza, ikapigwa kwa fimbo mpaka vumbi limerudi njiani lilikotoka, ndipo brashi, sabuni kidogo na ndoo vifuatapo, kisha ikatundikwa hata mgongo wake ukauke, maana kuvu huanzia huko.

Nilimtazama dereva mmoja wa teksi akifanya hivyo asubuhi nzima kwa ndoo moja tu. Alipomaliza alizitandaza tapi juu ya ukuta wa mawe meusi, akachukua maji yaliyobaki, akayamwaga taratibu shinani mwa mgomba uliootea kati ya mawe.