Nati Iliyorudishwa Nyuma

Hebu tuanze na swali, msomaji mwenzangu. Kosa lisiloonekana leo wala kesho, na ambalo atakayeumia hatamjua aliyelifanya, je, ni kosa bado?

Plato, yule Mgiriki, katika kitabu chake cha Jamhuri ana kisa cha mchungaji wa Lydia aliyepata pete. Akiigeuza kidoleni, haonekani. Basi jamaa hakukawia: akamtongoza malkia, akamuua mfalme, akashika utawala. Wasomi wamelumbana juu ya pete hiyo kwa zaidi ya miaka 2,300. Mimi naona hatuna haja ya kufika Lydia. Nenda Gerezani, Dar es Salaam, umwangalie fundi anavyofunga difu ya gari la abiria.

Mle ndani mna pinioni, gia ndogo inayopokea mzunguko wa propela na kuzungusha krauni. Imeshikwa na beringi mbili, na katikati yake, kwenye difu nyingi, kuna spesa: kibomba cha chuma kilichotengenezwa ili kifinyike. Ukikaza nati ya mbele, spesa inafinyika kidogo kidogo na beringi zinabanwa. Zisipobanwa vya kutosha, pinioni inacheza, meno yanalia na kulana. Zikibanwa mno, zinapata moto mpaka zinaungua. Nati yenyewe inaweza kudai nyutoni-mita 200 na zaidi, lakini pinioni ikizungushwa inatakiwa igome kwa nyutoni-mita 1 hadi 3 hivi, beringi zikiwa mpya na gari ni dogo. Zikiwa zilizotumika, kama nusu yake. Pupa kidogo tu, umeshapita.

Ukishapita, ndipo pete inapoingia kidoleni. Spesa iliyofinywa hairudi. Inatakiwa ufungue, uitupe, uweke mpya, uanze upya. Ila kuna njia ya mkato: rudisha nati nyuma kidogo. Zungusha pinioni, pima. Kipimo kinasoma sawasawa! Kumbe uongo mtupu. Spesa imeshakuwa fupi, haisukumani tena na beringi, na nati haina kinachoishikilia. Barabarani italegea taratibu. Aisee, huu ni uongo ambao hata chombo cha kupimia kinautolea ushahidi.

Na asiniambie mtu kwamba fundi hakusema neno. Alipokabidhi gari kimya, alisema. Beringi ikifa vibaya, pinioni inaweza kukwama na magurudumu ya nyuma yakagoma gari likiwa kwenye mwendo. Mama wa kiti cha nyuma na kapu lake la nyanya hakuwepo gereji.

Lakini simtupii fundi lawama zote. Analipwa kwa kazi, si kwa saa, na tajiri amemsimamia kichwani: "We funga tu, gari itoke!" Tajiri huyo naye ananunua uongo, tena kwa bei ya kupatana. Ningegawa deni hivi: spesa ya pili ailipe mwenye gari, maana ndiye anayevuna nauli. Muda aulipe fundi, maana mkono uliopitiliza ni wake.

Anayenisumbua ni yule kijana anayejifunza kazi, aliyekuwa ameshika tochi. Kaona kila kitu. Hana mshahara, na anayemfundisha ndiye huyo huyo. Mimi nasema aanze na fundi, wakiwa wawili: "Kaka, hii spesa imekwisha." Na aseme difu ikiwa bado iko mezani.